Mwaka Portland Walipomtaka Lamar

Verlin Orosz ana kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kile cha shahada, kilichonenepa kama gumba. Ukimsalimia, usiushike mkono huo. Hatakuambia kwamba umemuumiza. Atatabasamu tu kwa adabu, machozi yakimlengalenga. Mimi ni jirani yake hapa Toledo, upande wa mashariki wa mto, tangu dada yake Ilona alipofiwa na mumewe, Verlin akahamia kwake. Wakati huo mtaa wetu ulikuwa bado na yule mwokaji mikate Mhungaria aliyekuwa akifungua duka pale anapojisikia. Siku hizi hapo wanauza simu. Lakini hayo si ninayotaka kusema.

Verlin ni mdakaji wa timu yetu ya besiboli, Wavushaji, ila si mdakaji unayemwona kwenye televisheni. Wale wako wawili, wanalipwa vizuri, na watoto huvaa fulana zenye majina yao. Verlin yuko nyuma ya ukuta wa kushoto wa uwanja, mahali ambapo watu wa mchezo huu hupaita zizi, na kweli pamefanana na zizi: uzio, vumbi, na wanaume wakubwa wamekaa wakitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Huko ndiko warushaji, wale wanaomrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, hupasha mikono yao kabla ya kuingia mchezoni, na wakirusha lazima awepo mtu wa kuchuchumaa mbele yao awadakie. Mtu huyo ni Verlin. Hajaingia uwanjani kwenye mchezo hata siku moja. Ujanani alicheza ligi za chini, akizungushwa na basi kutoka mji mmoja wa mahindi mpaka mwingine, mwishowe magoti yakamkatalia.

Mimi nilikuwa nauza karanga kwenye ngazi za upande huohuo, juu kabisa ya zizi. Kazi ile ina raha yake. Unapanda na kushuka, unatukanwa na kuchekwa, unasikia mambo ya watu. Kutoka pale ningeweza kudondosha ganda la karanga likaangukia kofia ya Verlin, na mara nyingine nilifanya hivyo, naye alikuwa akinionyesha ngumi bila kugeuka.

Sasa, kuhusu kidole. Mrushaji ni kiumbe wa ajabu. Ana mwili kama mlango wa ghala, lakini moyo wake unavunjika kama yai. Akirusha mpira, haulizi umekwenda kasi gani, anasikiliza. Mpira ukigonga katikati ya kiganja cha glavu, ngozi inalia paa! kama mtu amebamiza mlango kwa hasira. Mrushaji akiisikia ile paa, kifua kinamjaa, anaingia mchezoni akijiona simba. Lakini ukiudakia pembeni, kwenye ule wavu ulio kati ya gumba na kidole, sauti inakuwa pfu, kama mto wa kulalia umeanguka. Wadakaji wenye busara hupenda wavu, kwa kuwa wavu haumvunji mtu mkono. Verlin aliipokea yote kiganjani. Aliipaka glavu mafuta, akaikausha, akaikunja mpaka ikajua kulia, halafu akaipa mkono wake.

“Hivi unapata nini?” Ilona alimuuliza siku moja akimfunga barafu. “Wanakupigia makofi?”

“Wanaingia wakiwa na furaha,” Verlin akasema.

“Na wewe unatoka ukiwa na kidole kama soseji.”

Katika warushaji wote waliopita pale, mmoja alikuwa wake hasa. Jina lake Lamar Pruitt, mtu wa mashambani kule Mississippi, mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa kuchelewa, yaani wewe umeshahama kwenye mzaha ndipo yeye anacheka. Alifika Toledo kijana asiyejua hata kuvaa koti la baridi, na Verlin ndiye aliyempeleka dukani akamnunulia. Tangu hapo, kila Jumatatu ya mapumziko, timu ikiwa nyumbani, Lamar alikuwa anakula kwa Ilona. Kuku wa pilipili nyekundu, mchuzi mzito, na vile vitonge vya unga. Alishakuwa na jina na fedha za kula hoteli yoyote, lakini alikuja na viatu vyake vikubwa, akavivua mlangoni, akakaa kwenye kiti cha marehemu mume wa Ilona. Nami nilikuwa nabisha hodi kama kwa bahati tu, harufu ikiwa imenifikia.

Verlin hakuoa. Hana marafiki wengi. Msimu ukiisha, ananyamaza hata wiki nzima. Jumatatu zile ndizo nilizokuwa namsikia akicheka kupitia ukutani.

Basi ukaja mwaka ule. Mwezi wa Julai ndio mwezi wa majungu katika besiboli, maana mwisho wake ndio siku ya mwisho ya timu kubadilishana wachezaji. Timu inayoona itafika michezo ya Oktoba, ile ya kugombea ubingwa, inanunua watu wazima walioiva. Timu iliyokwisha kata tamaa inawauza hao watu wazima, inachukua vijana wa kesho. Sisi tulikuwa katikati, pabaya kuliko pote. Hatukuwa na nguvu ya kushinda wala sababu ya kukata tamaa. Leo tunashinda, kinyozi anasema tununue. Kesho tunapigwa, kinyozi yuleyule, mkasi mkononi, anasema tuuze wote, hata kocha, hata nyasi.

Halafu zikaja habari kwamba Portland wanamtaka Lamar. Portland walikuwa wanaongoza kundi lao, na mrushaji wao mmoja alikuwa ameumia bega. Walikuwa tayari kutoa vijana wawili ambao hakuna aliyewajua ila wale wasemaji wa redioni, ambao wanajua kila mtu mpaka watoto waliomo tumboni.

Lamar lakini hakuwa wa kuuzwa hivihivi. Mchezaji aliyecheza miaka kumi katika ligi kuu, mitano ya mwisho ikiwa na timu moja, hawezi kuhamishwa mpaka akubali mwenyewe. Akisema siendi, haendi, hata mwenye timu apige magoti. Kwa hiyo mji mzima ukamgeukia yeye. Alikuwa hajafika michezo ya Oktoba maisha yake yote. Upande mwingine, alikuwa amepumzishwa majuma mawili kwa lengelenge kwenye kidole, na Portland walisema: tutamtuma mtu wetu Jumatano amwone akirusha zizini, kisha tutaamua. Lamar naye alikuwa hajasema ndiyo wala hapana.

Jumatatu kabla ya Jumatano hiyo alikuja kula. Nilikuwepo. Ilona alimpakulia paja, Lamar akalitazama tu.

“Mbona huli?” Ilona akauliza. “Kwani Portland wanakula kuku gani wewe? Samaki tu wale.”

“Sijasema naenda, mama.”

“Hujasema huendi pia. Verlin, mwambie asiende.”

Verlin alikuwa anapaka siagi mkate, akaendelea kuupaka. Lamar akakiweka kijiko chini.

“Mzee,” akasema, “nataka kukuuliza kitu. Usinijibu kama rafiki.”

“Basi nikujibu kama nani, polisi?”

“Nisikilize. Wale wana vipimo vyao, wana mashine, watasema wanavyotaka. Wewe ndiye unayeushika mpira wangu. Kama bado upo, nakwenda. Nataka kuiona hiyo Oktoba. Kama haupo, sitaki kwenda kuaibika mbele ya watu wasionijua. Nitabaki hapa nimalizie hapahapa, nije kula kuku. Sasa niambie. Mpira wangu wa kasi bado uko hai?”

Nilimtazama Verlin. Ilona naye alimtazama. Ilikuwa rahisi kabisa. Angesema umekufa, na Lamar angebaki, na Jumatatu zingeendelea. Angesema uko hai, Lamar angeondoka na furaha. Kumbe ukweli wenyewe ulikuwa umekaa mahali pengine.

“Ule wa kasi umekufa,” Verlin akasema. “Tangu mwaka juzi.”

Lamar akacheka. Safari hii hakuchelewa. “Acha utani. Wiki tatu zilizopita nilikuwa naubamiza. Niliusikia kwa masikio yangu, uwanja mzima uliusikia.”

“Ulisikia mkono wangu.”

“Unasema nini?”

“Ile sauti ni mimi, Lamar. Ninaudakia hapa.” Akauinua mkono, kile kidole kikiwa kimesimama peke yake. “Hata shangazi yako akirusha, nikitaka utalia. Sikiliza, sijamaliza. Ule wa polepole, ule unaotoka kama wa kasi halafu unadondoka, huo sasa hivi ni mzuri kuliko siku zote tangu nikujue. Nakosa hata kuuona unapoangukia. Miaka hii miwili umeshinda kwa huo. Wewe mwenyewe ndiye hujui, kwa sababu ule haulii. Unaingia glavuni kimya.”

Lamar hakuwa anasikia tena. Alikuwa amebaki palepale kwenye mkono.

“Miaka miwili,” akasema. “Miaka miwili unanifanya mtoto.”

“Nilikuwa nakupa moyo.”

“Mimi nilikuomba moyo?”

Akainuka, akavaa viatu bila kufunga kamba, akamwambia Ilona asante mama, akatoka. Paja la kuku likabaki kwenye sahani.

“Una akili kweli wewe?” Ilona akamgeukia kaka yake. “Mtu amekuuliza jambo moja!”

“Nimemjibu.”

“Umemjibu na la pili, ambalo hakukuuliza!”

“La kwanza lisingesimama bila la pili,” Verlin akasema, akasukuma mkate wake kando. Mimi nikaaga. Nakumbuka niliondoka na kipande cha mkate mkononi, sikujua nikiweke wapi.

Jumatano mchana kulikuwa na joto la kunata, lile la Toledo linalokufanya ujute kuvaa shati. Mageti hayakuwa yamefunguliwa, lakini sisi wauzaji huingia mapema. Nilikaa mahali pangu na kujifanya napanga mifuko. Mtu wa Portland alikuja, mzee mfupi mwenye kofia ya majani, jina lake Gus Tallarico. Akaegemea uzio, akatoa mbegu za alizeti, akaanza kutafuna kama aliyekuja kungoja mvua. Karibu yake Rudy Escamilla, kocha wetu wa zizini, alikuwa ameshika kipima mwendo.

Lamar akaingia. Aliwasalimia wote isipokuwa mtu mmoja. Verlin alikuwa ameshachuchumaa, barakoa usoni. Lamar akamwendea mpaka karibu, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa juu yao:

“Leo usinipigie kelele. Dakia kwenye wavu.”

“Uko mbele ya mgeni, Lamar.”

“Kwenye wavu, nimesema.”

Akaanza. Sijawahi kusikia zizi kimya namna ile. Alirusha wa kasi, pfu. Akarusha mwingine, pfu. Akavuta pumzi, akarusha kwa hasira zote alizokuwa nazo, mishipa ya shingo ikamtoka, na mpira ukaingia kama barua chini ya mlango. Nikaona mabega yake yakishuka. Rudy alitazama kipima mwendo kisha akatazama viatu vyake. Verlin akateremsha vidole kati ya magoti kumwonyesha: ule wa polepole. Lamar akatikisa kichwa. Akarusha wa kasi. Verlin akaonyesha tena. Lamar akakataa tena, akarusha, pfu.

“We Lamar,” Verlin akasema kutoka nyuma ya barakoa, “umeniambia ninyamaze, nimenyamaza. Sasa wewe unataka kumwonyesha huyu mzee nini, kwamba unaweza kunikasirikia? Ameshaona. Ana safari ndefu huyu. Rusha kitu.”

Tallarico akacheka mpaka mbegu zikamtoka mdomoni.

Lamar alisimama muda, mpira mgongoni. Halafu akarusha ule mwingine. Mkono ulikuja kwa nguvu ileile, na mpira ukaja kama ule wa kasi, wakati wa kufika ukaanguka, kama ngazi imeondolewa chini yake. Verlin aliukosa. Mdakaji wa miaka yote ile! Ukamgonga kwenye goti, ukabingirika.

“Umeuona?” Verlin akapiga kelele, akilishika goti. “Umeuona, mjinga wee?”

Lamar akaomba mpira mwingine. Akarusha uleule, na uleule tena, mmoja baada ya mwingine, na zizi likabaki kimya, sauti pekee ikiwa ya mguu wake kwenye vumbi. Nilisahau mifuko yangu.

Walipomaliza, Lamar akaenda zake kuoga. Tallarico akamsogelea Verlin aliyekuwa anajinyoosha magoti.

“Mbona glavu yako imelala leo?” akamuuliza. “Nilikuwa hapa mwezi Mei. Ilikuwa inaamsha wafu.”

“Mwenyewe amesema hataki.”

Tallarico akavua miwani, akaunyanyua mkono wake mwenyewe wa kushoto. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda kama ndoano. “Nilidaka ligi za chini, miaka saba,” akasema. “Basi ndugu yangu, wa kasi hana, hilo nililijua kabla sijapanda ndege. Nilikuja kutazama kama na yeye anajua.”

Verlin alichukua ndoo yake ya mipira akaondoka nayo, na kwa mgongo tu nilijua kwamba ameelewa: Lamar angeitwa. Sasa kilichobaki ni kama atakubali.

Hakuja kwa Ilona, wala hakupiga simu. Siku mbili zilizofuata warushaji wengine walidakiwa, Verlin aliwapa paa yao, na Lamar alipita mbali. Ilona alipika, akala peke yake jikoni, akawa hamsemeshi kaka yake ila kwa mambo ya taka na bili ya maji.

Siku ya mwisho yenyewe tulikuwa na mchezo wa mchana. Kuna jambo moja ambalo watu wa besiboli wote wanalijua. Mchezo ukiwa unaendelea, ukiona wachezaji kwenye benchi wameanza kumkumbatia mmoja wao, huyo ameshakwenda. Habari imeingia, amehamishwa, na anaaga palepale, hata kama mwenzao yuko katikati ya kupiga. Watu wa jukwaani huacha kutazama mchezo, wanatazama benchi. Ikawa hivyo. Mara nikasikia mngurumo unaanza upande wa pili, nikainua macho, nikamwona Lamar, mrefu, kati ya mikono ya watu. Alikuwa amekubali. Kocha mkuu alimshika kichwa kwa mikono miwili. Jukwaa lote likasimama, hata wale waliokuwa wamesema auzwe.

Benchi liko kule, zizi liko huku, na kati yake ni uwanja mzima wenye mchezo ndani yake. Mtu wa zizini haruhusiwi kuvuka. Verlin alisimama kwenye uzio, vidole vyake vimeshika waya, akitazama. Kule mbali Lamar alikuwa anakumbatiwa na watu ambao wengine walikuwa wamemjua msimu mmoja. Niliwaza nishuke nimsemeshe, lakini ningemwambia nini? Nikauza karanga. Niliuza bila kuangalia chenji.

Ndipo simu ya zizini ikalia. Ile simu ina kazi moja tu: kocha mkuu anapiga kutoka kwenye benchi kusema nani apashe mkono. Rudy akapokea, akasikiliza, akakunja uso. Akawatazama warushaji mmoja mmoja. Halafu akanyoosha mkono wenye simu.

“Verlin. Wewe.”

“Mimi? Nimekosa nini?”

“Pokea, bwana, kabla sijafukuzwa kazi.”

Verlin akaja anachechemea, akaiweka sikioni. Warushaji wote wakanyamaza, na mimi nikajiinamisha juu ya ukingo bila haya.

“Naam,” akasema. Kisha: “Najua. Nimekuona. Unakumbatiwa kama bibi harusi.” Akasikiliza. “Gari limeshafika? Basi usiwacheleweshe.” Akasikiliza tena, muda mrefu, akageuka akaupa uso ukuta. “La, ulikuwa na haki. Ungenikasirikia hata mwaka mzima… Eh, na mimi ningekukasirikia… Nani? Huyo kijana wao mdakaji? Nasikia ni fundi.”

Hapo akacheka, kicheko kidogo.

“Anadakia kwenye wavu? Ana akili huyo. Mwache na kidole chake. Usimfundishe kudakia kiganjani… Kidogo tu? Lamar, huhitaji hata kidogo. Ule wako haulii, na usitake ulie. Rusha tu, watakaolia ni wapigaji.” Akasikiliza. “Haya. Haya, kijana wangu. Hapana, mimi simwambii. Ilona utamwambia mwenyewe. Jumatatu piga nyumbani, wakati wa kula. Ukichelewa atakutukana.”

Rudy alikuwa ananyoosha mkono: “Mzee, hiyo ni simu ya kazi!”

Verlin akamrudishia, na kabla Rudy hajaiweka vizuri ikalia tena. Safari hii alikuwa kocha mkuu mwenyewe. Rudy akasikiliza, akamwashiria mrushaji mmoja wa akiba ainuke, haraka, mambo yameharibika kule. Verlin akateremsha barakoa usoni upesi kuliko ilivyohitajika, akachuchumaa, magoti yakalia kama kuni.

Mrushaji akachukua mpira, akamtazama.

“Ulikuwa unaongea na nani?”

“Mke wangu.”

“Huna mke, mzee.”

“Rusha mpira, bwana,” Verlin akasema, akaufungua mkono.